Herufi, Aliyeandika Asili Badala ya Asali

Nianze kwa kukiri ugonjwa wangu. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na kwa miaka yote niliyoshika kalamu nyekundu sijawahi kupita mbele ya maandishi yaliyokosewa nikanyamaza. Nikiona "Saluni ya Kisaasa" ukutani, shingo inaniuma. Kinyozi wa jirani alishawahi kunifungia mlango kwa sababu nilimwambia mara tatu kwamba "tunanyowa" haina w. Basi Mungu, ambaye anapenda utani kuliko watu wanavyodhani, akanipa shemeji mwandika mabango.

Mtaa mzima unamwita Herufi. Ni mrefu, mwembamba, anapiga mluzi kutwa, na sijawahi kumwona na shati ambalo halina tone la rangi mahali. Karakana yake iko uani kwao, chini ya mabati: ngazi mbili, makopo yasiyo na idadi, na meza iliyoganda rangi mpaka hakuna anayekumbuka ilikuwa ya mbao gani. Amemwoa dada yangu mkubwa, na kwa kuwa mashemeji wameumbiwa kutaniana, tumetaniana hadi tumezeekea humo. Kila wiki nilimpelekea kosa jipya nililoliona kwenye mabango yake. Yeye alikuwa na jibu moja tu.

"Shemeji, kosa ni lako. Nani alikutuma usome?"

Nitakwambia mapema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulijua baada ya miaka ishirini na miwili ya ushemeji, ili usihangaike njiani. Herufi hakujua kusoma. Alikuwa ameandika nusu ya mji, maduka, shule, zahanati, hata ule ukuta mrefu wa stendi unaosema "USIKOJOE HAPA", na hakuweza kukusomea kichwa cha habari cha gazeti.

Ukitaka kujua iliwezekanaje, tazama alivyokuwa akifanya kazi. Mteja alimletea maneno kwenye karatasi. Yeye hakuanzia kushoto kama mimi na wewe. Alihesabu herufi na nafasi zilizo kati ya maneno, akagawa kwa mbili, akapata katikati, akapiga kamba ya chaki ukutani na kuchora visanduku. Halafu alianzia palepale katikati akaenda pande zote mbili: kulia akienda mbele, kushoto akirudi kinyumenyume. Ndiyo maana maneno yake hayakuwahi kubanana mwishoni kama ya mafundi wengine, ambao herufi ya kwanza ni kubwa kama mlango na ya mwisho imejikunyata pembeni. Akimaliza, hakusoma. Alihesabu visanduku. Vikitimia, alishuka kwenye ngazi na kunawa mikono.

Herufi zenyewe alifundishwa na fundi aliyemrithisha kazi, ambaye naye hakuzijua kwa majina ya shuleni. A ilikuwa ngazi. I ilikuwa nguzo. S ndoano, T nyundo, U ndoo, L kona, Y manati. Alizijua zote ishirini na ngapi, kubwa na ndogo, na aliweza kuzichora macho yamefumbwa. Kuzisikia zikisema kitu ndiko kulikomshinda.

Sasa njoo kwa mwimbaji. Nyimbo zake unazijua, hata kama utajifanya huzijui. Mwaka wa kwanza wa habari hii alikuwa binti wa miaka kumi na tisa anayeshona vifungo kwenye kiwanda cha mashati, na mwisho wa wiki anaimba na bendi ya watu wanne ambao gitaa lao moja lilikuwa la kuazima. Meneja wao, bwana mmoja wa begi kubwa la ngozi lisilo na kitu ndani, alipata ukumbi wa sinema wa zamani kwa siku moja akaja kwa Herufi na karatasi. SAUTI YA ASALI, ndivyo walivyotaka aitwe.

Herufi akahesabu: kumi na nne pamoja na nafasi. Katikati ikaangukia ndani ya YA, akaanza. Kushoto akarudi nguzo, nyundo, ndoo, ngazi, ndoano, safi kabisa. Kulia ndiko mambo yalikoharibika. Jana yake alikuwa amemaliza ukuta wa mwuza mitishamba ulioandikwa DAWA ZA ASILI, na mkono ulikuwa bado na lile umbo. Mahali pa ngazi ya pili akasimamisha nguzo. Akahesabu visanduku, vitano, herufi tano, akashuka.

Asubuhi ya onyesho meneja alilitazama bango lile akakosa hata pa kuanzia kugomba. SAUTI YA ASILI, mita tatu kwa moja, kwa rangi nyekundu ya mafuta ambayo ingehitaji siku mbili kukauka hata kama ingefutwa saa ileile. Liliachwa hivyohivyo. Alasiri watu wakaja, wengine wakidhani kuna ngoma, wengine wakidhani kuna dawa. Gitaa la kuazima lilipoanza kukwaruza, mtu mmoja wa viti vya nyuma akasimama na kusema kwa sauti, "Bango limesema asili. Tupeni asili basi." Watu wakacheka. Yule binti, badala ya kulia kama ambavyo mimi ningelia, aliwanyamazisha wenzake kwa mkono akaimba wimbo wa kwanza peke yake, bila ala yoyote. Wanaosema walikuwepo siku hiyo sasa ni wengi kuliko viti vya ukumbi ule, lakini mimi nilikuwepo kweli, tiketi alinipa shemeji. Nywele zilinisimama.

Kesho yake alifika kwenye karakana. Dada yangu alikuwa anaanika nguo, akasikia kila neno.

"Fundi," binti alisema, "karatasi ilisema asali. Wewe umeandika asili. Kwa nini?"

Hapo ndipo Herufi angeweza kusema ukweli, maisha yakaendelea. Lakini mtu aliyeficha jambo tangu utotoni ulimi wake huwa mwepesi. Akachovya brashi, akasema bila kumtazama, "Asali ni ya chai, binti. Juzi nimepita pale mnapofanyia mazoezi, nikasimama dirishani nikasikiliza. Sauti ile si asali. Ni asili."

Uongo mtupu. Hakuwahi hata kujua wanafanyia mazoezi wapi. Binti alimkumbatia na rangi zake zote, akaenda, na tangu siku ile akawa Asili mpaka leo.

Miaka iliyofuata mimi naihesabu kwa kuta, maana ndivyo tulivyoiona mtaani kwetu. Mwaka wa pili ilitoka kaseti yake ya kwanza, na mwenye duka la kaseti akataka sura ya Asili ukutani. Herufi alichora macho vizuri, akachora mdomo vizuri, ila pua ikamshinda, akaweka pua pekee aliyoijua vizuri, ya mke wake. Kwa mwaka mzima dada yangu alikuwa akisimamishwa sokoni na watu wakimwomba aimbe kidogo. Dada yangu akiimba, majirani hufunga madirisha.

Mwaka wa tatu ukaja wimbo wa "Vifungo", ule wa mwanamke anayemshonea mumewe kifungo cha shati analolivaa kwenda kwa mwingine. Kila saluni ilipiga "Vifungo". Wanafunzi wangu waliuimba kwenye mstari wa asubuhi, nikawachapa kwa maneno halafu nikauimba mwenyewe nikirudi nyumbani. Asili aliacha kiwanda, na bango la uwanja wa mpira lilikuwa refu kuliko nyumba. Herufi alikaa juu ya ngazi siku tano, akawa anashuka kula tu.

Mwaka wa nne meneja alimshauri Asili awe wa kisasa. Nguo za kumeremeta, nywele rangi ya shaba, nyimbo za Kiingereza ambazo yeye mwenyewe hakuzielewa, na ule mtindo wa kuanza bila ala ukafutwa. Kaseti ile ilibaki madukani hadi vifuniko vikabadilika rangi. Mwaka wa tano bendi ikavunjika, meneja akalibeba begi lake kwa mwimbaji mwingine, na Asili akarudi kuimba kwenye harusi za watu. Kampuni ya sabuni ikaukodi ukuta wa duka la kaseti. Herufi alipewa kazi ya kufuta sura aliyoichora kwa mkono wake, akaifuta, lakini ile rangi nyeupe aliichanganya na maji kiasi kwamba mvua ya kwanza ilimrudisha Asili katikati ya povu, anacheka, na pua ya dada yangu. Aliapa kwamba hakukusudia. Mimi sikumwamini, na nilimpenda kwa hilo.

Mwaka wa sita ndio uliokuwa mbaya. Koo la Asili liliota vinundu, daktari akampiga marufuku kuzungumza miezi minne, hata kunong'ona. Kila aliyekutana naye njiani alitaka kumpa pole na kumwuliza maswali asiyoweza kujibu. Kwa hiyo akaanza kuja kujificha kwenye karakana. Alikaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, na daftari dogo mapajani, na alipotaka kusema jambo aliliandika, akachana karatasi na kumpa Herufi.

Fikiria basi. Mtu asiyeweza kusema, na mtu asiyeweza kusoma, wanazungumza miezi minne. Dada yangu alitamani kuingilia, lakini mumewe alikuwa amemwapisha tangu wiki ya kwanza ya ndoa kwamba siri ile haitoki. Herufi alipokea kila karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda wa heshima, akatikisa kichwa kama aliyeelewa, halafu akageukia kazi iliyokuwa mbele yake na kusema jambo lililokuwa kweli la kazi hiyo.

"Acha ikauke kwanza."

Asili aliliinamia daftari lake akawaza. Siku nyingine Herufi alisema, "Usiiguseguse, utaiharibu," na siku nyingine, "Mkono wa pili ndio unaong'aa," akimaanisha mpako wa pili wa rangi. Binti yule akaona amekutana na mtu mwenye maneno machache na mazito kuliko wote aliowahi kuwajua. Mimi nilikuwa namwona akitoka pale macho yameng'aa, nikashangaa shemeji yangu huyu, ambaye nyumbani hawezi kuamua hata chai iwe na tangawizi au isiwe nayo, anampa nini.

Mwaka wa saba sauti ikarudi. Ilirudi chini kidogo, ina mikwaruzo, na ilikuwa nzuri zaidi. Wimbo wa kwanza aliorekodi ni "Acha Ikauke". Sina haja ya kukueleza ulifika wapi. Ulipigwa harusini na msibani, ukavuka mipaka, mwaka wa nane na wa tisa Asili alikuwa akipanda ndege kama wengine tunavyopanda kitanda. Na kila redio iliyomhoji alisimulia habari ileile: kuna fundi mmoja wa mabango, alisimama dirishani akanisikiliza, akanipa jina, na nilipokuwa bubu alisoma kila nilichomwandikia, akanijibu. Herufi alikuwa akizima redio. Sisi tukasema, tazama mtu asivyopenda sifa.

Mwaka wa kumi ndio ulioleta maji shingoni. Asili aliandaa onyesho la kusherehekea miaka kumi, na mabango yote, kwa mara ya kwanza, yakachapishwa kwa mashine. Alikuja mwenyewe kuomba radhi kwa hilo. Nilikuwepo, nakunywa chai na dada yangu uani.

"Fundi, mabango wamechukua wao," alisema, "ila kazi kubwa nimekuwekea wewe. Nataka ufungue onyesho. Nimeandika kadi, maneno ya miaka yangu kumi. Utapanda jukwaani, utayasoma mbele ya watu, halafu ndiyo niimbe. Simtaki mtangazaji. Nakutaka wewe."

Akampa kadi. Herufi akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda wa heshima.

"Maneno mazito haya," alisema. Kikombe cha dada yangu kiligonga sahani.

Siku ya pili yake alikuja kwangu, kitu ambacho hafanyi bila mke wake. Alisema macho yanamsumbua, nimsomee kadi. Nikamsomea. Nisomee tena. Nikasoma. Mara ya nne nikaona midomo yake inanifuata, nikashtuka, maana hivyo ndivyo wanavyofanya watoto wangu wa nyuma kabisa, wale wanaokariri kitabu kizima ili nisigundue. Nikamwekea kadi mezani.

"Shemeji, hebu nionyeshe hapa neno muziki liko wapi."

Kidole chake kilienda bila wasiwasi kikatua kwenye neno "mtaani". Linaanza na m, linaishia na i, herufi sita. Alikuwa amehesabu visanduku.

Miaka ishirini na miwili nimemcheka mtu huyu kwa makosa ya tahajia.

"Dada yako anajua," alisema. "Binti yangu hajui. Tangu darasa la kwanza akileta ripoti yake namwambia, hebu nisomee, nione kama shule inakufundisha. Sasa yuko chuo kikuu, Shemeji. Siku hiyo atakuwa amekaa mbele. Nisaidie nikariri, basi, nipande, niseme, nishuke."

"Hukariri," nilimwambia. "Unamjua Asili. Amewahi kuimba ubeti wa tatu namna moja mara mbili? Atabadilisha. Atabadilisha asubuhi ya siku yenyewe, na wewe utakuwa jukwaani unasoma kadi ambayo haipo. Tuna wiki tatu. Kesho saa kumi uje darasani kwangu."

Alikuja. Alikaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamefika masikioni, kofia mkononi. Nimefundisha watoto zaidi ya elfu na sijawahi kuwa na mwanafunzi mwoga kama yule, wala mwepesi kama yule. Umbo la kila herufi alilijua kuliko mimi. Kilichobaki ni kuzisemesha.

"Ndoano na ngazi," nikamwambia. "Zikikaa pamoja zinatamka sa. Ndoano na nguzo?"

Akafikiri sana. "Si."

"Nyundo na ngazi?"

"Ta." Akaitazama brashi iliyokuwa mfukoni mwa shati lake, akacheka peke yake. "Kumbe muda wote huu zilikuwa zinaongea, mimi nazipaka rangi tu."

Lugha yetu ina huruma, inasomwa kama inavyoandikwa. Wiki ya kwanza ikaisha na silabi. Wiki ya pili alikuwa anasoma mabango yake mwenyewe njia nzima ya kurudi nyumbani, akisimama kila ukuta, na akanipigia hodi jioni moja kuniambia kwa hasira kwamba kinyozi ana kosa, nyoa haina w. Nilimkaribisha kwenye ugonjwa.

Wiki ya tatu nikasema sasa tusome maandishi ya mkono. Akaja na kopo la rangi. Nililidhani lina rangi. Ndani yake zilikuwemo karatasi za Asili za mwaka wa sita, zote, zimekunjwa. Hakuwahi kuitupa hata moja, kwa sababu hakujua ipi ina jambo na ipi haina.

Tukachukua ya juu. Akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, jasho likimtoka. "Fun-di. Sa-ma-ha-ni. Cho-o ki-ko wa-pi?"

Aliniangalia. Nilimwuliza alimjibu nini siku hiyo. Alisema anadhani alimjibu acha ikauke kwanza. Nilicheka mpaka mlinzi wa shule akaja kuchungulia, na Herufi alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye dawati. Tukasoma nyingine. Nyingine ilimwomba amsogezee kopo kwenye kivuli. Nyingine ilisema mluzi wake umepotea sauti kidogo kwenye kiitikio cha "Vifungo".

Halafu akafungua moja ndogo, iliyochanwa ovyo. Aliisoma polepole kuliko zote, na alipofika mwisho akarudia bila kuambiwa. "Naogopa haitarudi. Usiku najaribu kuimba ndani ya kichwa na hata humo sisikii kitu. Sijamwambia mama."

Shemeji yangu alilia. Sitalipamba hilo. Mwanaume wa miaka hamsini na miwili alilia kwenye dawati la mtoto, akafuta uso kwa mkono wenye rangi ya buluu.

"Aliniandikia hivi," alisema, "na mimi nilikuwa natazama kibao cha duka la viatu."

"Lakini ulimsaidia, Shemeji. Umeusikia wimbo."

"Alijisaidia mwenyewe. Alidhani kuna mtu amemsoma." Akazikunja karatasi moja moja akazirudisha kwenye kopo. "Lazima nimwambie. Sijui lini, ila lazima nimwambie."

Jumapili ya onyesho ukumbi ulijaa tangu saa nane mchana, watu elfu mbili na zaidi. Tulikaa safu ya pili: mimi, dada yangu, na binti yao katikati, akiwaambia waliokaa nyuma yetu kwamba anayefungua ni baba yake. Dada yangu alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Herufi akapanda, suti ya kuazima, viatu vyake mwenyewe. Asili akatokea upande wa pili, akampa kadi, akarudi nyuma hatua tatu.

Ile kadi ya kwanza niliijua kwa moyo. Ilianza, "Miaka kumi iliyopita nilikuwa nashona vifungo." Nikaona midomo ya shemeji inajiandaa kwa "mi", halafu ikafungwa. Alikuwa ameona kona mahali pasipo pake. Asili, Mungu anisamehe, alikuwa ameandika upya kila kitu.

Kisha kidole chake kikapanda juu ya kadi, mbele ya watu elfu mbili, kikatua kwenye neno la kwanza.

"Le-o. Leo si-ta-ki ku-a-nza na mi-mi."

Hakukuwa na namna ya kuificha. Mtu akapiga mluzi huko nyuma. Mwingine karibu yetu akauliza mwenzake kama mzee huyu amekunywa. Dada yangu aligeuka akamtazama, na swali likafa. Binti yao alikuwa ameacha kutabasamu. Aliniangalia mimi, akaangalia mama yake, akaangalia jukwaa, na nikaona anazihesabu ripoti zake zote, moja baada ya nyingine.

"Na-ta-ka ku-a-nza na m-tu a-li-ye-ni-pa ji-na. A-li-pi-ta di-ri-sha-ni. A-ka-si-ma-ma. A-ka-si-ki-li-za."

Kidole kilibaki palepale.

"Hapa pamekosewa," alisema kwenye kipaza sauti.

Ukumbi ukacheka, ukidhani ni utani. Yeye akamgeukia Asili.

"Sikupita dirishani, binti. Sikukusikia. Niliandika asili kwa sababu nilikuwa sijui kusoma, mkono ulikosea, nikaogopa kusema. Na ile miezi minne, yale uliyokuwa unaniandikia, sikusoma hata moja. Nilikuwa najibu rangi. Nimeyasoma wiki hii. Ile ya mama yako nimeisoma. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka sasa. Asili alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mimi niliyekaa karibu nikaona mabega yake yanatikisika na sikuweza kujua ni kilio au nini. Akaja mbele mpaka kwenye kipaza sauti.

"Hata ile ya choo?" aliuliza.

"Hata ile ya choo."

Watu elfu mbili hawakuelewa. Mimi na dada yangu tuliangukiana. Asili alicheka huku machozi yanamtiririka, akamshika fundi mkono wenye kadi, akaurudisha pale ulipokuwa, na kidole juu yake.

"Basi endelea kusoma, Fundi," alisema. "Usiruke hata neno."

Akaendelea. Kadi ilikuwa na mistari kumi na mitatu, na mtangazaji wa redio angeimaliza kwa pumzi mbili. Yeye alitumia karibu dakika tano. Alisoma kiwanda na vifungo, alisoma nywele za shaba, alisoma koo na kimya, kila silabi imesimama peke yake, na hakuna aliyepiga mluzi tena. Binti yake alikuwa amesimama, midomo ikimfuata baba yake kama alivyokuwa akifuatwa yeye zamani akisoma ripoti mezani kwao. Mstari wa mwisho ulipokwisha, watu wote wakainuka na kupiga makofi, na wanamuziki wakashika ala zao. Herufi hakushuka. Aligeuza kadi, akaisogeza kwenye taa, akatazama kama upande wa pili kuna mengine.